Damu Yangu Si Kazi Yangu

Kahiga alikuwa dalali wa ploti, na katika Kitengela nzima hakukuwa na mtu aliyeamini kidogo kama yeye. Hilo si tusi. Katika mji ambao mtu anaenda mazishi ya shangazi na kurudi akakuta mgeni amechimba msingi kwenye shamba lake, na ambapo hata nyumba yenye watu ndani imeandikwa HAIUZWI kwa rangi nyekundu ukutani, kutoamini ni kazi kama kazi nyingine, na Kahiga aliifanya vizuri. Hati ya shamba aliipeleka ofisi ya Ardhi kufanyiwa search, kuthibitisha mwenyewe ni nani, kisha wiki iliyofuata akaifanyia search ya pili, maana Jumatatu si Ijumaa.

Na search ikitoka safi, bado alikuwa na dawa yake ya mwisho, aliyofundishwa na madalali waliomtangulia: mnunuzi wa uongo. Unamtafuta mtu asiyejulikana, unamvisha viatu vizuri, unamtuma kwa mwenye ploti ambaye tayari amekubali kukuuzia wewe. Anafika, anaisifu ploti, anasema yuko tayari leo hii. Mwenye ploti akijibu, "Pole, nishaahidi mtu," unaweza kulala usingizi. Akijibu, "Kuja tuongee," basi umejua la kujua, na unakimbia. Ujanja huo ulimwokoa Kahiga mara tatu, mara moja kule Tuala akiwa na kalamu mkononi. Ndiyo maana aliupenda kupita kiasi. Kitu kikishamwokoa mtu mara tatu, hukimbilia kukitumia hata mahali ambapo hakuna hatari.

Jumamosi moja ya Februari mteja wake hakutokea, naye akarudi nyumbani saa tisa mchana na kilo moja ya nyama. Mkewe, Kathini, binti wa Machakos, alifanya kazi nyumbani: kampuni za ng'ambo zilimtumia rekodi za mikutano yao, naye akaziandika neno kwa neno. Kompyuta na headphone vilikuwa vyombo vyake vya kazi, na Kahiga alivizoea kama alivyozoea sufuria. Lakini alipofika mlangoni siku hiyo alisikia sauti ya mkewe, na haikuwa sauti ya kazi.

"Nipige mimi! Mimi hapa! Wachana na huyo!" Kisha kicheko. "Roy, nishike. Roy, usiniache sasa, naisha, naisha... Ai! Roy, wewe ni mtu wa maana sana."

Kahiga alisimama pale pale, damu ya nyama ikimdondokea kwenye kiatu.

Mtu mwingine angesukuma mlango na kuuliza, "Roy ni nani?" Angejibiwa kwa dakika moja na hadithi hii isingekuwapo. Lakini dalali hamuulizi muuzaji kama anauza mara mbili. Ukimuuliza, umemwamsha. Kahiga alirudi nyuma kwa ncha za vidole hadi langoni, akalifungua lango upya kwa kelele, akakohoa, akaita, "Mama Shiro!"

Shiro ni binti yao wa pekee, aliyekuwa shule ya bweni huko Kajiado.

"Karibu, Baba Shiro! Umerudi mapema."

"Mteja amenihepa. Unafanya nini?"

"Si hii game yangu tu. Tumemaliza saa hii."

Headphone zilikuwa shingoni mwake na uso wake uling'aa kuliko siku ya harusi ya dada yake. Kahiga alijua kwamba mkewe hucheza game. Alidhani ni zile za kupanga peremende kwenye simu. Sasa kwenye kioo cha kompyuta aliona mwanamke jitu aliyevaa chuma, na ngao pana kama mlango wa kioski. Nyuma yake alisimama mwanamume wa kanzu nyeupe, nywele hadi mabegani, na juu ya kichwa chake paliandikwa Roy.

"Iko sawa," akasema Kahiga, akapeleka nyama jikoni. Nyama hiyo ilipoiva hakuisikia ladha.

Jumatatu ofisini alifunga mlango akafanya alichokijua: search. Hakuhangaika sana. Aliandika jina la mkewe na neno game, na mbele yake ikafunguka blogu nzima iliyoitwa Nipige Mimi, ya miaka miwili, kwa Kiswahili, na chini ya kila andiko watu walikuwa wakimshukuru na kumuuliza maswali. Kahiga alikuwa akiishi na mwandishi bila habari. Akaanza kusoma.

"Wengi mnaniuliza tanki ni nini," Kathini alikuwa ameandika. "Wenzangu kikosini wanapiga. Mimi napigwa. Kazi yangu ni kulichokoza jitu mpaka linichukie mimi peke yangu na kuwasahau wengine. Kwa Kiingereza wanasema tank, nami naandika tanki, kama lile la maji pale juu ya nyumba, kwa sababu kazi ni ile ile: linakaa juu, linachomwa na jua, na hakuna anayelikumbuka hadi siku limetoboka.

"Somo la kwanza: usitazame damu yako. Tanki mgeni huutazama ule mstari mwekundu wa damu yake ukipungua, anaogopa, anakimbia, na kikosi kizima kinakufa. Wewe tazama mikono ya jitu. Damu yangu si kazi yangu. Damu yangu ni kazi ya tabibu, na tabibu wangu ni Roy wa Ngong. Miezi minane sasa sijawahi kuitazama."

Kahiga alisoma mistari hiyo mara tatu. Kisha, Mungu amsamehe, akajitafuta mwenyewe. Katika miaka miwili ya maandishi alijikuta mara moja tu: "Leo naanza mapema, mzee yuko site kuonyesha ploti." Roy alitajwa mara arobaini na moja. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mtu wa kanzu nyeupe anamshinda kwa arobaini!

Wivu ulimkaba. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akaanza kupanga safari ya Ngong kwenda kumtafuta huyo Roy amwone kwa macho. Lakini kabla hajaenda, Roy alijiondoa mwenyewe. Kathini aliandika kwenye blogu kwamba tabibu wao amepata kazi ya kuchomelea vyuma ng'ambo, hana muda tena, wamemuaga kwa heshima zote. "Kwa hivyo tunatafuta tabibu," akamalizia. "Kama uko tayari kujifunza, andika hapa chini. Soila atakuhoji."

Mume mwingine angesema ahsante Mungu, akafunga kompyuta, akaenda kunywa chai. Kahiga aliona mlango. Roy ameondoka, sawa, lakini kuondoka kwa mnunuzi si ushahidi kwamba ploti haiuzwi. Ushahidi hupatikana kwa njia moja. Na safari hii hakuwa na mtu wa kumtuma, maana ni nani unayeweza kumtuma kwa mke wako? Akakata kauli kwenda mwenyewe.

Alijiita Wathome, wa Machakos, miaka thelathini na mitano, hajaoa. Jina la Kikamba, la watu wa kwao Kathini, alilichagua makusudi. Hivyo ndivyo vilikuwa viatu vizuri vya mnunuzi wake. Kisha akaketi kujifunza, na mwalimu wake alikuwa mkewe, kwa sababu Kathini aliwahi kuandika mafunzo marefu kwa matabibu wageni, hatua kwa hatua, kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Wiki tatu Kahiga, mtu wa miaka arobaini na sita na vidole vilivyozoea mihuri, alikufa kwenye mapango ya game hiyo mara zisizo na idadi. Phylis, karani wake, alidhani bosi anajifunza mfumo mpya wa hati za mtandaoni, na akamhurumia.

Soila alimhoji kwa kuandikiana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Rombo na mpiga mishale wa kikosi.

"Kwa nini huongei?" aliuliza Soila.

"Kinasa sauti changu kimeharibika," aliandika Kahiga, kwa Kiswahili cha msoma habari, ili asijulikane.

"Haina shida. Tabibu hahitaji mdomo. Anahitaji macho." Na kwa wenzake Soila akasema, "Tumjaribu huyu. Anaonekana mtu mpole."

Jumamosi ya kwanza Kahiga alimwambia mkewe anaenda site, akaenda ofisini, akavaa headphone. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba aliisikia nyumba yake. Nyuma ya sauti ya Kathini alisikia jogoo wa jirani, na presha ya maharagwe ikipiga filimbi, na mtu akigonga lango, hata akataka kuinuka akafungue. Alikaa kilomita mbili kutoka kwake akasikiliza nyumba yake kama mwizi aliyejificha uani.

Kisha vita vikaanza, na alimsikia mke ambaye hakumjua. Kathini wa nyumbani ni mtu wa "sawa tu" na "vile utaona". Kathini wa pangoni alikuwa anaamuru. "Aketch, ngoja. Bado. Bado... sasa! Soila, kulia kwako. Wathome, usinipe dawa yote mara moja, nipe kidogo kidogo, mimi sikimbii." Aketch, fundi wa friji na mtu mwenye mdomo kweli, alitii kama mtoto wa darasa la kwanza. Jitu lilishuka juu ya ile ngao kama lori la mawe, na Kathini hakurudi nyuma hata hatua moja. Mstari wake mwekundu ulipopungua, Kahiga aliujaza. Ukapungua, akaujaza. Jitu likaanguka.

"Wathome," alisema Kathini akihema, "umenishika vizuri. Ahsante, ndugu yangu."

Maneno hayo yalimwingia kama chai ya kwanza ya asubuhi. Njiani kwenda nyumbani alijikuta anaimba. Ikawa hivyo Machi yote na Aprili yote: kila Jumamosi alimlinda mkewe, na mkewe hakuutazama mstari wake hata mara moja. Mara mbili akiwa mezani alikaribia kusema, "Mama Shiro, ni mimi." Mara zote mbili alijizuia. Alikuwa bado hajatoa bei, na mnunuzi wa uongo asiyetoa bei ni mpita njia tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameshainama kwa miezi miwili. Angeinuka vipi mikono mitupu?

Bei ya kwanza aliitoa kwa ujumbe wa pembeni, ambao wengine hawakuuona.

"Mume wako ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri. Anachapa kazi sana," alijibu Kathini. "Lakini hiyo si maswali ya pangoni."

Kahiga alifurahi, akapita sokoni akamnunulia parachichi kubwa tatu. Furaha hiyo ilifika Jumatano. Jumatano alianza kufikiri. Mzuri! Ni muuzaji gani husema ploti yake ina mawe? Mzuri ni neno la kufunga mazungumzo. Au ni la kuyafungua?

Akatoa bei ya pili. Alhamisi mchana, akijua Kathini yuko kwenye kompyuta, aliandika: "Ningependa tukutane Ngong tule nyama. Mimi na wewe peke yetu." Akaiweka simu yake kifudifudi mezani bila sauti, ili chochote kisimkatize, akangoja macho yakiwa kwenye kioo.

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini. "Wathome, niko na bwana. Nakuheshimu kama tabibu wangu. Ukirudia hayo maneno nitakutoa kwa kikosi."

Search imetoka safi. Hapo ndipo pa kusimama, na hata dalali mwenye roho ya kutu angesimama hapo, angefuta jina la Wathome na kwenda nyumbani kumkumbatia mkewe. Kahiga naye alisimama, kwa muda wa saa moja hivi. Kisha zile dakika ishirini zikaanza kumtafuna. Asiyetaka hujibu mara moja. Dakika ishirini alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapima nini? Jioni alimtazama Kathini akimenya viazi na akajiuliza uso ule unaficha kiasi gani. Aliona simu yake ina simu zisizopokelewa, lakini siku hizo wateja walikuwa wengi, hata hakuzifungua.

Ndipo alipopanga la tatu, na la tatu ndilo lisilosameheka kwa urahisi.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wanaenda Lango la Saba. Jitu la hapo lilikuwa limewashinda Jumamosi tano mfululizo, na wasomaji wa Nipige Mimi walikuwa wanafuatilia kama watu wanavyofuatilia kura. Kathini alikuwa ameandika: "Safari hii tunaliweza. Ngao yangu ni ile ile, lakini nina tabibu ambaye hajaniangusha hata mara moja." Wiki nzima alizunguka nyumbani akinong'ona hatua za vita huku anafagia. Hakuna kitu alichokitaka zaidi mwaka huo, na Kahiga alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akawaza: mtu hupimwa kwa kile anachokitaka zaidi. Akiuza kwa hicho, alikuwa anauza tangu zamani.

Walipigana dakika arobaini. Jitu lilibakiza damu kidogo, chembe, na Aketch alikuwa anapiga kelele za furaha. Kahiga aliandika ujumbe wa pembeni aliokuwa ameutayarisha tangu asubuhi.

"Sema utakuja Ngong Jumanne. Ukisema ndiyo, nakutibu. Ukinyamaza, naondoa mkono."

Akaondoa mikono juu ya kibodi, akaiweka mapajani.

"Wathome, dawa," alisema Kathini. Mstari mwekundu ulipungua. "Wathome, uko? Wathome, nishike." Ulipungua tena. Kisha akawa kimya, na Kahiga akajua sasa anausoma ule ujumbe. Presha ilipiga filimbi jikoni kwake. Mstari ulifika nusu, ukafika robo. Neno moja tu lenye herufi tano, na lango lingekuwa lake.

"Soila, Aketch," alisema Kathini, na sauti yake haikutetemeka. "Rudini nyuma mtoke kwa mlango. Msiulize. Mimi nitalishika mpaka mtoke."

"Tumebakisha kidogo hivi!" alilia Aketch.

"Tokeni."

Lilimpiga mara tatu zaidi. Wenzake walipotoka, alianguka. Hakuandika ndiyo, hakuandika neno lolote.

Na Kahiga? Kahiga aliruka kutoka kitini, mikono juu. "Safi!" alisema peke yake mle ofisini. "Safi kabisa!" Miezi mitatu ya mashaka ilimtoka kama gunia begani. Ana mke wa chuma! Alikuwa bado amesimama akitabasamu aliposikia kwenye headphone sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mazishi ya mama mkwe wake. Kathini alikuwa analia. Hakulia kwa kelele; alilia kama mtu aliyefunika mdomo kwa mkono. Aketch alikuwa anauliza, "Kathini, ni nini? Nani amekufanyia nini?" Kisha sauti ikakatika.

Kahiga alifika nyumbani akakuta amelala. Kichwa kinauma, alisema. Kahiga hakuuliza zaidi.

Jumapili baada ya kanisa walikaa sebuleni na chai. Kathini hakuinywa yake.

"Baba Shiro, niko na kitu nataka kukuambia. Usicheke."

Akamwambia yote. Alimweleza tanki ni nini, tabibu ni nini, Roy alikuwa nani, na kwamba Roy ana mke na mapacha na walikuwa wakiwaimbia watoto wake siku za kuzaliwa. Alimweleza habari za Wathome, jinsi alivyomfundisha hadi akawa bora kuliko Roy. Alimwonyesha ujumbe wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Kahiga aliyatazama maneno yake mwenyewe kwenye simu ya mkewe na hakujua aweke macho wapi.

"Si ati game imenishinda," alisema Kathini. "Hata tukishindwa mara mia, ni game. Lakini huyu mtu alikuwa amekaa tu ananiangalia. Miezi miwili amekaa ananiangalia. Jana jioni nimejaribu pango la watoto, peke yangu, lile la kwanza kabisa. Nimeshindwa. Macho yangu yote yako kwa damu yangu. Nimeamua nitafunga hiyo blogu. Nitafundisha nani nini?"

"Usifunge," alisema Kahiga.

"Na kuna ingine mbaya zaidi. Soila ndiye alisema tumchukue. Nikamshuku. Nikamwambia ni yeye amemtuma, ni ndugu yake, walikula njama wanicheke. Nimemwita maneno, Baba Shiro. Soila! Ameandika tu, 'Nimekusikia,' akatoka kwa kikosi." Alijipangusa macho kwa upindo wa leso. "Wewe si unajua kutafuta watu? Watu wote Kitengela wanakuja kwako uwatafutie ukweli. Nitafutie huyu Wathome. Sitaki kumfanyia kitu. Nataka tu kujua ni mtu wa aina gani."

"Nitampata," alisema Kahiga.

Na Kathini alishusha pumzi, akaegemeza kichwa begani pake, mzigo wote, kama alivyokuwa akifanya miaka ile Shiro akiwa mchanga. "Ahsante," alisema. "Ningekuambia mapema. Nilidhani utasema ni mambo ya watoto."

Kahiga angeweza kunyamaza. Angeweza kumleta Wathome wa uongo wa pili, akasema ni mtu fulani wa mbali, amekwisha kuonywa. Uongo wa namna hiyo alikuwa anautunga kila siku kwa riziki. Lakini uzito wa kile kichwa begani ulimshinda. Alikuwa na haya, haya za kweli, zile zinazochoma masikio.

"Ni mimi," alisema.

Kathini hakuelewa. "Ni wewe nini?"

"Wathome. Ni mimi. Nilisikia Roy, Roy, siku ile ya nyama. Nikataka kujua."

Kichwa kiliondoka begani polepole. Kathini alimtazama usoni, kama mtu anayesikiliza rekodi isiyosikika vizuri na kuirudia.

"Ungeniuliza," alisema.

"Najua."

"Roy ni nani. Maneno matatu. Ungeniuliza."

"Najua, Mama Shiro. Nilikuwa mjinga. Lakini..." Na hapa, jamani, mtu na tabia yake! Hata akiwa amepiga magoti moyoni, kidonda chake kilikuwa bado kinawasha. "Lakini siku ile ya Ngong, kwa nini ulikaa dakika ishirini bila kunijibu?"

Kathini hakukasirika, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Nilikuwa nakupigia wewe," alisema. "Mara nne. Nilitaka nikuambie kuna mtu ananisumbua, uniambie nimjibu aje. Hukushika. Ndiyo nikamjibu peke yangu."

Kahiga aliikumbuka ile simu iliyolala kifudifudi. Hakuna search duniani ingemwonyesha hati safi kuliko hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa ameilaza.

Kathini alisimama, akachukua vikombe vyote viwili akavipeleka jikoni. Kahiga alidhani amekwenda kulia. Alirudi na simu sikioni, tayari inaita, akamnyooshea.

"Ni Soila. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Vile umeniambia mimi. Nimemtukana bure juu yako. Mimi nitaomba msamaha wangu, lakini kwanza ataisikia kwako."

Simu ilikuwa baridi mkononi. Upande wa pili, kutoka Rombo, alisikia ng'ombe na mtoto akiitwa, kisha ile sauti aliyoizoea Jumamosi zote, ambayo yeye hakuwahi kuijibu kwa mdomo wake.

"Haloo? Kathini?"

"Si Kathini," alisema Kahiga.

"Ni nani?"

"Naitwa Kahiga. Mimi ni bwana ya..."

"Hapana," alisema Kathini. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na aliongea kwa ile sauti ya pangoni, ambayo Kahiga hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba hii. "Mwambie ni Kahiga. Hiyo ya bwana yangu iwache kwanza."

Soila alikuwa anangoja. Kahiga alianza upya, kwa jina lake peke yake.